Kenya kwa siku moja bila kutoka kisiwani: namna ya kumtembeza mgeni Mombasa

Kila likizo nyumba zetu hujaa wageni. Binamu wa Nakuru kaja na watoto, wifi aliyeolewa Uingereza kaja na mumewe, na wote wakishaoga bahari siku mbili huanza maswali. Nchi hii ilianza vipi? Nani anatawala nini? Na nyinyi watu wa Pwani mbona hamwishi kulalamika? Nimesomesha Historia na Serikali sekondari mpaka nikastaafu, na sasa hutembeza watu mjini kwa miguu, kwa hivyo maswali haya nayajua kwa sauti zake zote. Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye mgeni na siku moja tu.

Kanuni yangu ni hii: usimpe mgeni mwaka wowote kabla hujampa kitu cha kushika, kula au kutazama. Vitabu vya shule huanza na enzi za mawe, vikapanda na makabila, vikashuka na katiba, na mwanafunzi akatoka na madaftari matatu asiyoyakumbuka. Wewe anzia baharini uende bara, maana ndivyo nchi yenyewe ilivyofungwa pamoja.

Beba maji, kofia au leso ya kujitanda, viatu visivyobana, simu yenye pesa (malipo mengi ya serikali sasa ni ya eCitizen), kalamu na karatasi tupu. Karatasi ndiyo muhimu, utachora ramani juu yake. Miaka ya kumkaririsha mgeni ni mitano: 1498, 1593, 1895, 1963 na 2010. Mengine utayataja yakija, lakini usimtahini nayo.

Chai ya asubuhi ndiyo jiografia

Mpeleke hoteli yoyote ndogo karibu na Marikiti saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Agiza mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa. Asianze kula. Mwambie kwanza akisie kila kitu kilichomo mezani kimetoka wapi, huku wewe unachora Kenya kwenye karatasi: Tanzania kusini, Uganda magharibi, Sudan Kusini na Ethiopia juu, Somalia mashariki, na bahari hapa tulipo. Piga mstari wa ikweta katikati.

Nazi ni za Kilifi na Kwale, hiyo rahisi. Mbaazi nyingi hutoka Ukambani, Makueni na Machakos na Kitui, kwa sababu ni mmea unaovumilia mvua haba. Majani ya chai ni ya nyanda za juu zenye baridi: Kericho, Bomet, Nandi, au miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare. Hapa mgeni hushangaa ukimwambia kwamba chai hiyo, ingawa imechumwa mbali kiasi hicho, huuzwa kwa mnada papa hapa Mombasa, pamoja na chai ya Uganda, Rwanda na nchi nyingine jirani. Sukari ni ya miwa ya magharibi, ikiwa si ya kuletwa na meli. Ngano kiasi hulimwa Narok na Uasin Gishu, lakini sehemu kubwa huingia Kilindini kutoka ng'ambo. Kwa hivyo hamri, chakula chetu cha asili kama tunavyojivunia, ni unga wa melini na tui la Kilifi.

Tia kila kimoja mahali pake kwenye ramani, kisha nyamaza umwache aitazame. Ataona mwenyewe kwamba vyote vimebanana pembe ya kusini-magharibi na ukingo wa bahari, na juu kote kweupe. Hapo ndipo useme: karibu asilimia 80 ya nchi hii ni kame au nusu kame. Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera, Garissa ni nchi ya mifugo, na hata huo mchuzi wa mbuzi wa mchana huenda umetembea kutoka huko. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na wengi wao wamejazana kwenye ile sehemu ndogo uliyojaza vyakula. Ukishaelewa hilo, ugomvi wa ardhi wa Kenya hauhitaji maelezo marefu.

Usiondoke mezani kabla ya kuinua gilasi ya maji. Kisiwa hiki hakina mto. Maji yetu mengine hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi: ni mvua iliyonyesha vilima vya Chyulu, ikanywewa na mawe ya volkano, ikatokea chini. Mengine hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na Sabaki ni mto uleule unaoitwa Athi kule juu karibu na Nairobi, ukaitwa Galana ukipita Tsavo. Mgeni wa Nairobi akiujua huo mkondo huitazama gilasi mara mbili. Mto mrefu kuliko yote ni Tana, unaoshuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, mlima wenye mita 5,199, ukazungusha mitambo ya umeme njiani, ukamwaga baharini upande wa Kipini.

Upepo kwanza, Wareno baadaye

Shukeni mpaka Forodhani, au ukuta wa bahari karibu na Ngome ya Yesu. Wageni wote hutaka kukimbilia ngomeni. Wazuie. Waelekeze baharini uwaeleze pepo mbili: kaskazi, ambayo huvuma takriban Disemba mpaka Machi na kuleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi, ambayo huanza kiasi cha Aprili na kuwarudisha kwao. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi hakuwa na njia ya kuondoka mpaka upepo ugeuke. Alikaa miezi, akakodi chumba, akajifunza kusema na watu, wengine wakaoa. Miji ya Waswahili ilikua kwa biashara hiyo kati ya watu wa bahari na watu wa bara, Wamijikenda wakiteremsha pembe, nta na nafaka. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331 akakuta mji wa Waislamu wenye misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. Hiyo ni miaka 167 kabla ya Mreno yeyote.

Sasa toa mwaka wa kwanza. Vasco da Gama alifika Aprili 1498. Mombasa walimshuku, hapakuwa na mapatano, akaenda zake Malindi ambako alipokelewa vizuri na kupewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu tayari, na Wareno waliutumia uhasimu huo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji wetu akauchoma moto.

Ndipo muingie ngomeni. Ilianza kujengwa 1593, mchoraji wake Giovanni Battista Cairati, Mtaliani aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Yapo mengi ndani, na waongozaji wa pale wanayajua, waache wafanye kazi yao. Wewe hakikisha mgeni anatoka na mambo mawili tu. La kwanza ni kuzingirwa: tangu Machi 1696 hadi Disemba 1698 Waomani waliifunga ngome, na waliokuwa ndani walikufa kwa maradhi na njaa zaidi kuliko kwa risasi. Ilipoanguka, utawala wa Mreno kaskazini mwa Msumbiji ulikuwa umekwisha, ukiacha marejeo mafupi ya 1728. Baadaye wakatawala Wamazrui, ukoo wenye asili ya Oman, waliojiona hawana haja ya kumnyenyekea mtawala wa Oman, na mshairi wao Muyaka bin Haji akawa anarusha beti kwa maadui kama wengine walivyorusha mizinga. Seyyid Said, mtawala huyo wa Oman, aliwavunja nguvu 1837.

La pili ni kwamba tangu 1895 hadi 1958 ngome hii ilikuwa jela. Saa moja na nusu ndani inatosha. Mgeni akizidi hapo jua humchosha, na kazi kubwa ya siku bado.

Ukanda wa maili kumi

Tafuteni benchi lenye kivuli Treasury Square, chini ya ile miti mikubwa. Hapa kaa, usiharakishe. Mtu akishaelewa huu ukanda ameelewa kwa nini Pwani huzungumza na Nairobi kwa sauti ile.

Geuza karatasi uchore pwani peke yake, kisha mstari wa pili sambamba nayo, maili kumi kwenda bara, yaani kilomita 16. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana Afrika Mashariki walikubaliana kwamba ukanda huu ni mali ya Sultani wa Zanzibar. Kampuni ya Kiingereza ikaukodi, ikafilisika, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikachukua mahali pake. Mwaka huo ndio Ngome ya Yesu ilipogeuzwa jela, na huku nje Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gazi, akishika silaha kupinga.

Mwaka 1920 bara likawa koloni kamili kwa jina la Kenya. Ukanda haukuwa koloni. Ulibaki himaya, nchi ya Sultani inayolipiwa kodi kila mwaka, na bendera yake nyekundu ikapepea juu ya ngome mpaka uhuru ulipobisha hodi. Muulize mgeni: je, Mwingereza akiondoka, ukanda arudishiwe nani? Mwache ajibu kabla hujamwambia.

Wako waliotaka Mwambao ujitawale. Wako waliotaka kuungana na Kenya moja kwa moja. Ronald Ngala na chama chake cha KADU walitaka majimbo, kila eneo liwe na nguvu zake. Uingereza ilimtuma Sir James Robertson mwaka 1961 achunguze, naye akapendekeza ukanda uungane na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walitia saini: Sultani anaachilia ukanda, na Kenya inaahidi kulinda dini ya Waislamu, mahakama za kadhi na hati za ardhi zilizokuwapo. Uhuru ukaja tarehe 12 Disemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Sultani mwenyewe alipinduliwa Zanzibar.

Makubaliano yale bado yanaishi. Mahakama za kadhi zimo kwenye Katiba ya sasa, kifungu cha 170, zikihukumu ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Hati za ardhi ndizo kidonda. Sheria ya 1908 iliwataka watu waandikishe madai yao ya ardhi, na waliojua karatasi na mahakama waliandikisha. Wengi waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao hapo hawakuandikisha, wakaamka wakiwa maskuota kwenye mashamba ya watu wasiowaona. Mjini nako utakuta mtu anamiliki nyumba aliyoijenga mwenyewe, huku kiwanja kikiwa cha mwingine anayemlipa kodi. Mpitishe mgeni mtaa wa Majengo umwonyeshe.

Kuhusu lile neno la "Pwani si Kenya" ambalo mgeni atakuwa amelisikia: usilikwepe na usilitetee. Mwambie limetoka kwenye ukanda huu na ardhi hii, na kwamba wako Wapwani wengi wanaolikataa kwa nguvu zote. Mimi husema ninavyofikiri mwishoni, tena nikiulizwa: dai la ardhi ni la kweli, dawa ya kujitenga si yake. Mwenzangu mmoja wa matembezi hufikiri tofauti, na huwa tunabishana mbele ya wageni. Hakuna somo la uraia lililo bora kuliko hilo.

Wageni wa bara huja na Mau Mau, vita vya msituni dhidi ya Mwingereza, kichwani, na ni haki, maana hali ya hatari ya Oktoba 1952 iliwafika majumbani mwao. Lakini waongezee mawili ya huku. Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasitoe vijana wala kodi kwa Mwingereza, 1913 na 1914. Na Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini, waligoma kwa pamoja mji ukasimama. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa kizuizini. Hilo la 1947 ndilo nisilokubali lirukwe, maana watu wa makabila yote walisimama mstari mmoja.

Reli, kwa ufupi

Kituo cha reli ya zamani kiko mwisho wa barabara ya Haile Selassie. Reli ilianza hapa Mombasa 1896 ikafika ziwani, Kisumu, 1901. Vibarua zaidi ya elfu thelathini waliletwa kutoka Bara Hindi, karibu 2,500 wakafa. Nairobi ilizaliwa 1899 kama kambi ya reli, na 1905 ikanyang'anya Mombasa makao makuu ya serikali, jambo ambalo wazee wetu hulisema kana kwamba limetokea Ijumaa iliyopita.

Mwambie mgeni afuate reli kwa kidole kwenye ramani yako ya asubuhi: kutoka usawa wa bahari, kupitia nyika ya Taru na Tsavo, mpaka Nairobi yenye mita kama 1,700, kushuka Bonde la Ufa, kupanda tena ng'ambo yake, kisha kuteremka Kisumu kwenye mita 1,130 hivi. Treni mpya ya 2017 huanzia Miritini, nje ya kisiwa, kwa hivyo leo muiache.

Majengo mawili, serikali mbili

Kwa serikali rudini pale Treasury Square, maana ofisi za kaunti ziko hapohapo, na jengo la Uhuru na Kazi, lenye maofisa wa serikali ya taifa, haliko mbali. Hayo mawili ndiyo somo. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliigawa nchi kaunti 47, na Mombasa ni nambari 001. Gavana huchaguliwa na wananchi, kamishna wa kaunti huletwa na serikali ya taifa. Usianze na vifungu. Mpe mgeni mtihani wa shida za kila siku, ataje aende jengo lipi.

Zahanati haina dawa? Kaunti. Soko halijazolewa taka? Kaunti. Chekechea ni kaunti, lakini shule ya msingi ni taifa, na hapo watu wengi huanguka. Polisi, kitambulisho, bandari na feri ya Likoni ni taifa. Barabara ya mtaani ni kaunti, barabara kuu ni taifa, na shimo lililo mpakani mwa hizo mbili huwa halina mwenyewe. Bomba la nyumbani kwako likikauka unailalamikia kampuni ya maji ya kaunti, nayo itakwambia bomba kubwa la kutoka Mzima liko chini ya shirika la taifa. Mgeni akicheka, ameelewa. Mwambie pia Katiba inazipa kaunti zote kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, ili ajue kila gavana hulilia nini.

Halafu kura. Mpiga kura hupewa karatasi sita siku moja, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Mombasa ina maeneo bunge sita, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Bunge la taifa lina wabunge 349, Seneti 67, bila kuhesabu maspika. Rais hashindi kwa wingi tu: anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24. Sharti hilo, na kaunti zenyewe, vilipata nguvu baada ya damu ya uchaguzi iliyomwagika mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008. Mahakama nazo si pambo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa urais ukarudiwa.

Marais wahesabu mkitembea jioni kwenye barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, mkila mihogo ya kukaanga ya ndimu na pilipili. Ikulu ya Mombasa iko upande huo, na humo ndimo Jomo Kenyatta alimofia usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 1978. Daniel arap Moi akafuata kwa miaka 24, akapitisha nchi kwenye chama kimoja kisheria mwaka 1982 na kurudi vyama vingi 1991, kisha Mwai Kibaki, Uhuru Kenyatta, na William Ruto tangu 2022. Hapa mgeni atataka mjadala wa siasa za leo. Mnunulie muhogo mwingine.

Akiwa na siku ya pili, mpandishe matatu ya Mazeras mwende Rabai, kwenye jumba dogo la makumbusho la Krapf. Mmishonari huyo Mjerumani alifika Mombasa 1844, na mwaka 1849 akiwa Ukambani aliuona mlima wenye theluji akauandika jina kwa alivyolisikia, na ndilo jina lililopewa koloni mwaka 1920. Rabai pia ina kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Kaya hizo zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2008. Omba ruhusa kwa wazee kabla ya kuingia, vaeni wanavyowaelekeza, na ondokeni mapema, kwa sababu msongamano wa malori ya bandari njiani kurudi Mombasa hauna huruma kwa mgeni wala mwenyeji.